Ukimya wa Goma una bei

Studio ya kurekodi muziki huuza ukimya kwanza. Mashine zinafuata. Mwimbaji anayelipia saa moja studio analipia saa ambayo hakutasikika kitu isipokuwa yeye, na kila kifaa kilichomo ndani, kuanzia kipaza sauti hadi kompyuta, kimeundwa kana kwamba ukimya huo umeshapatikana. Katika miji mingi hupatikana kwa kufunga mlango. Goma mlango hautoshi.

Mji umekaa kati ya Ziwa Kivu na volkano ya Nyiragongo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na upande wa mashariki umebanana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba mpaka unapita katikati ya nyumba. Kiwanja cha ndege kiko ndani ya mji, na kwa miaka mingi ndege za mizigo zilishuka zikikaribia kugusa mabati ya mtaa wa Birere, huku helikopta za Umoja wa Mataifa zikipanda na kutua. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria, wanapiga honi kutoka asubuhi. Chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinateremka na makaa na viazi, magurudumu yake ya mbao yakigonga mawe ya lava. Kanisa lina spika zake, baa ina zake, na duka la simu lina zake mlangoni. Msimu wa mvua ukiingia, mabati yanafunika sauti zote hizo kwa sauti yake yenyewe. Halafu kuna jenereta.

Hapo ndipo tatizo la studio ya Goma linapouma zaidi. Bila umeme hakuna kurekodi. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa, na jenereta ndiyo kelele kubwa kuliko zote. Kinachoiwezesha kazi kuendelea ndicho kinachoiharibu. Wenye kuifanya kazi hii wamejitafutia njia. Jenereta huwekwa mbali kadiri waya utakavyofika, nyuma ya ukuta wa jirani aliyekubali, au ndani ya kibanda cha mawe chenye tundu la moshi. Wengine huacha sauti za waimbaji hadi usiku, wamotari wakishakwenda kulala, na mchana hutumika kutengeneza biti, kazi isiyohitaji kipaza sauti. Wengine wanategemea betri na inveta: betri inachajiwa umeme ukiwepo, na kipindi cha kuimba hupangwa kwa kufuata chaji iliyobaki. Msanii akikosea beti mara nyingi, betri inakwisha kabla ya wimbo.

Jambo moja Goma imejaliwa ambalo Kinshasa na Dar es Salaam hazina, nalo ni baridi. Studio iliyozibwa kila upenyo huko pwani au kando ya Mto Kongo hugeuka tanuri, kwa hiyo lazima iwe na kiyoyozi, na kiyoyozi kinakula umeme na kuvuma. Goma mtu anaweza kujifungia kwenye chumba kisicho na dirisha akaimba saa mbili bila kutokwa na jasho. Ukihesabu gharama ya umeme, huo ni msaada mkubwa.

Umeme wenyewe una historia, na ninaamini muziki wa Goma wa miaka kumi iliyopita hauwezi kusimuliwa bila hiyo. Kwa miongo kadhaa mji ulitegemea shirika la taifa, SNEL, lililovuta umeme kutoka bwawa la Ruzizi lililo karibu na Bukavu, lililojengwa mwishoni mwa enzi ya Wabelgiji. Ulikuja kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Desemba 2015 kituo cha Matebe kule Rutshuru, kinachotumia nguvu ya maji, kilichojengwa chini ya Hifadhi ya Virunga na chenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, kilizinduliwa, na baadaye nyaya zake zikaingia mitaa ya Goma. Februari 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 katika mtaa wa Ndosho. Anayesikiliza nyimbo tu hazioni tarehe hizo. Prodyuza anaziona vizuri: kabla yake mchana ulikuwa wa kusubiri, baada yake baadhi ya mitaa ikaweza kufanya kazi mchana kutwa. Kwa mtaa ambao nyaya hizo hazijaufikia, maisha ya betri na jenereta yanaendelea vilevile.

Baada ya umeme kuna kuta. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kitovu cha biashara, ikaingia ziwani. Watu walirudi wakajenga juu ya mwamba mweusi uliokuwa bado na joto, na wengi wao walijenga kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi, ni rahisi, na zinaweza kuhamishwa. Kwa kuishi, nyumba ya mbao inafaa. Kwa kurekodi ni tabu tupu. Kinachozuia sauti ni uzito: ukuta mzito hautikisiki kwa urahisi, kwa hiyo haupitishi mtikisiko upande wa pili. Ubao hutikisika, na palipo na mwanya kati ya ubao na ubao, sauti haihitaji hata kuutikisa. Ndiyo maana studio nzuri za Goma hutafuta nyumba za mawe, na mawe yanayopatikana Goma ni yaleyale ya lava. Mwamba uliobomoa mji ndio unaokingia vyumba vyake vya kuimbia.

Ndani ya chumba kazi inakuwa nyingine, na hapa kuna imani iliyoenea kutoka Goma hadi Mwanza ambayo inawapotezea vijana pesa. Wanaobandika trei za mayai ukutani wanaamini wamezuia kelele. Hawajazuia. Trei, kama lilivyo sponji jepesi, hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Mngurumo wa jenereta au lori ni sauti nzito, na unapita kwenye trei kana kwamba hazipo. Godoro nene linasaidia kidogo zaidi, na mablanketi yaliyokunjwa mara nyingi hali kadhalika, lakini msaada wao ni wa ndani: chumba kinaacha kurudisha sauti ya mwimbaji masikioni mwa kipaza sauti. Kelele ya nje huzuiwa na ukuta mzito, mlango wa pili nyuma ya mlango wa kwanza, na kuziba nyufa kwa uvumilivu. Mwenye fedha hujenga chumba ndani ya chumba, kuta mbili zisizogusana. Asiye na fedha huchagua kona ya ndani kabisa ya nyumba, mbali na barabara.

Kipaza sauti nacho huchaguliwa kwa hali ya mahali. Kile cha kondensa, ambacho wauzaji hukiita cha kitaalamu, husikia kila kitu: pumzi, kidole kwenye karatasi, mtoto wa jirani. Katika chumba kilichotulia kinaleta sauti safi isiyo na mfano. Katika nyumba ya mbao ya mtaa wa Katoyi kinaleta mtaa mzima. Prodyuza mwenye busara anaweza kuchukua kipaza sauti cha jukwaani, kama Shure SM58 ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, akamsogeza mwimbaji hadi midomo ikaribie kugusa waya, na akapata rekodi bora kuliko jirani yake mwenye kifaa cha bei mara tano. Kutoka hapo sauti inaingia kwenye kadi ya sauti, kisanduku kidogo kinachoupima mtikisiko kwa kawaida mara 44,100 kwa sekunde na kuugeuza tarakimu. Mengine ni kompyuta, programu, spika mbili na masikio. Masikio ndiyo yasiyouzwa Birere.

*

Kivu haikungoja studio ndipo irekodiwe. Sauti zake zilichukuliwa mapema, na waliozichukua walitoka mbali. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita Kongo ya Wabelgiji na gari lake la kurekodia. Huko Katanga alimrekodi Mwenda Jean Bosco, kijana mpiga gitaa ambaye baadaye angejulikana Afrika nzima. Kaskazini, kandokando ya msitu wa Ituri, alirekodi Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Kwa hiyo sauti za watu wa jimbo ambalo leo tunaliita Kivu ya Kaskazini zilikuwa kwenye utepe karibu nusu karne kabla Goma haijakuwa na chumba chake cha kurekodia. Tracey alifanya kazi uwanjani, na kisa chake na jenereta ni kilekile cha Goma ya leo: mashine ya umeme iliwekwa mbali, waya mrefu ukavutwa hadi walipokuwa wapigaji, na yeye mwenyewe akashika kipaza sauti mkononi akikisogeza kutoka ala hii hadi ile. Alianzisha maktaba ya kuhifadhi rekodi hizo mwaka 1954, na leo ziko katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini.

Sauti nyingine kutoka ukanda huohuo imekwenda mbali zaidi. Wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, uliwekwa kwenye santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu na kufungwa katika vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977. Unachukua chini ya dakika moja. Umeshatoka nje ya eneo linalofikiwa na upepo wa jua. Wasichana walioimba hawatajwi kwa majina katika orodha ya nyimbo za santuri hiyo; Turnbull anatajwa. Mtu akiuliza kwa nini kijana wa Goma anataka studio yake mwenyewe, yenye jina lake kwenye faili, nadhani jibu moja liko hapo.

Kuhusu studio za kibiashara, Kongo ilizipata mapema, ila zilikuwa upande mwingine wa nchi. Léopoldville, Kinshasa ya leo, wafanyabiashara wa Kigiriki walifungua Ngoma mwaka 1948 na Loningisa mwaka 1950. Opika ilikuwepo pia, na katikati ya miaka hiyo ya 50 CEFA ya Mbelgiji Bill Alexandre iliingiza gitaa la umeme. Santuri za nyumba hizo zilifika Kivu kama zilivyofika Kampala, Mombasa na Unguja. Lakini mwanamuziki wa Goma kwenda kurekodi Kinshasa ilikuwa safari ya kilomita zipatazo 1,500 kwa mstari wa ndege, na barabara ya kupitika moja kwa moja haipo hata leo. Nairobi iko karibu nusu ya umbali huo, na lugha ni moja.

Ndiyo maana, bendi za Kongo zilipoanza kuhama miaka ya 70, nyingi zilielekea mashariki. Super Mazembe ilifika Nairobi mwaka 1974. Baba Gaston alifuata, na mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi karibu na bahari ya Atlantiki, alipitia Kampala, akafika Nairobi mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 80 akaunda bendi aliyoipa jina la milima inayoonekana kutoka kila dirisha la Goma: Orchestra Virunga. Albamu ya mwanzo ya bendi hiyo ilirekodiwa Nairobi. Jina la volkano zetu likachapishwa kwenye santuri zilizochezwa London na Paris, na mji ulio chini ya volkano hizo haukuwa na mahali pa kurekodi hata wimbo mmoja kwa kiwango hicho.

Miaka ya 90 haikuwa miaka ya kujenga. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, kipindupindu kikafuata, kisha vita vya 1996 na vya 1998. Muziki uliokuwepo ulikuwa wa makanisani na wa baa, na rekodi zilikuwa kaseti. Mabadiliko yaliletwa na kompyuta. Dar es Salaam ilikuwa imeonyesha njia: maprodyuza Master J na P-Funk Majani walithibitisha kwamba vyumba vidogo vyenye mtu mmoja makini vinaweza kubadili masikio ya nchi nzima, na nyimbo zao zilisikika Goma bila kuhitaji tafsiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijana wa Goma mwenye kompyuta na programu ya kutengenezea biti aliweza kufanya chumbani kazi ambayo Ngoma na Loningisa ziliifanya kwa jengo zima.

*

Katika miaka hiyohiyo mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo alikuwa amekimbilia Kampala, na huko mwaka 2000 akaanzisha Yolé!Africa. Miaka michache baadaye aliihamishia kazi hiyo Goma. Yolé ilikuwa, na imebaki, mahali pa vijana kujifunza filamu, ngoma, hip hop na kurekodi bila kuulizwa kwanza wao ni wa kabila gani wala wa kanisa gani. Tamasha lake la filamu liliwapa vijana hao hadhira ya mji wao wenyewe. Foyer Culturel de Goma ilijenga upande mwingine: shule ya muziki, yaani gitaa, kinanda, ngoma na uimbaji vikifundishwa na walimu. Studio hainufaiki na mpigaji asiyejua kupiga, na kompyuta haijaweza kulificha hilo kwa muda mrefu.

Kisha likaja jukwaa kubwa. Tamasha la Amani lilipangwa kufanyika mwaka 2013, mapigano karibu na mji yakaliahirisha, na likafanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 katika viwanja vya Collège Mwanga, maelfu ya watu wakiingia kwa kiingilio cha dola 1. Kwa studio za Goma tamasha lilileta kipimo. Msanii wa mtaani aliyepanda jukwaa moja na bendi za nje alijisikia akipitia spika kubwa kwa mara ya kwanza, na akarudi studio akijua anachokosa. Besi iliyotosha kwenye simu haikutosha uwanjani.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Innocent Balume, Innoss'B, aliyezaliwa Goma mwaka 1997 na kuanza muziki akiwa mtoto pamoja na ndugu zake. Mwaka 2010, akiwa na miaka 13, alishinda shindano la Vodacom Superstar. Septemba 2019 alitoa toleo jipya la Yope akiwa na Diamond Platnumz, na limetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Vijana wengi wanauona mwisho tu wa hadithi hiyo: magari, mavazi, video. Mimi naona kilichotangulia: nyumba yenye ngoma, ndugu wanaofanya mazoezi kila siku, na mji ambao mtoto anakua akisikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwa siku moja, kisha anaimba kwa zote bila kuhisi amevuka mpaka. Hakuna studio inayouza hayo, ila studio isipokuwepo yanapotea hewani.

Ukiacha nyota, mkate wa kila siku wa studio za Goma ni kwaya. Watu wa mbali hawalifahamu hili vya kutosha. Makanisa ya mji huu yana kwaya nyingi, na kila moja inataka albamu. Kwaya ya watu arobaini haiingii kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, kwa hiyo inaingia vipande: soprano wanne au watano kwanza, watoke, alto waingie, watoke, teno, besi. Kila kundi linaimba mara mbili au tatu juu ya lilichokwisha kuimba, sauti zinarundikwa, na prodyuza anaongeza mwangwi wa bandia ili sauti ya chumba chenye magodoro iwe sauti ya kanisa kubwa. Wakati wa kurekodi, besi hawawaoni soprano wao. Wanaimba wakimfuata mpiga kinanda aliyerekodiwa wiki iliyopita. Inahitaji nidhamu ambayo bendi nyingi za vijana hazina, na wapo maprodyuza wazuri wa hip hop waliojifunza kupanga sauti kwa kuwahudumia akina mama wa kwaya.

Mteja mwingine mkubwa ni shirika la misaada. Goma imejaa mashirika tangu 1994, na kila shirika lina ujumbe: nawa mikono, chanja mtoto, pinga ukatili, rudisha silaha. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018, na mgonjwa wa kwanza kugunduliwa Goma Julai 2019, nyimbo za tahadhari zilihitajika haraka. Nyingine zilikuwa nzuri na zilisaidia. Sitabeza kazi iliyookoa maisha, wala pesa iliyolipia kodi ya studio. Lakini kuna gharama, na Chérie Rivers Ndaliko aliiandika kwa kina katika kitabu chake Necessary Noise cha mwaka 2016, akiangalia muziki na filamu za mashariki ya Kongo na fedha za hisani zinazoziendesha. Mlipaji akiwa mmoja na ujumbe ukiwa umeandikwa kabla ya wimbo, msanii anazoea kuulizwa aseme nini badala ya kusema alilo nalo. Kijana anayeimba amani kwa mkataba mara kumi anaweza kusahau jinsi ya kuimba hasira yake, au mapenzi yake, au kicheko cha mtaa wake. Studio iliyozuia kelele za jenereta bado inaweza kuwa na kelele ya mfadhili ndani.

Mfano tofauti uko ng'ambo ya ziwa, safari ya boti hadi Bukavu. Tangu 2015, Hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, imekuwa ikishirikiana na shirika la Kanada liitwalo Make Music Matter katika mpango wa tiba kwa muziki. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono wanatunga nyimbo zao wenyewe wakiwa na mwanasaikolojia na prodyuza, kisha wanaingia studio kuzirekodi. Huko maneno ni yao. Anayeimba halazimiki kuwa na sauti ya kushindana redioni. Anahitaji chumba kinachofungwa vizuri, mtu anayejua kusikiliza, na uhuru wa kusema rudia au tuache hapa. Nikifikiria studio ya kitaalamu ni nini, naiweka ile katika daraja la juu, na sababu yangu haina uhusiano na bei ya vifaa vyake.

*

Studio ni uwekezaji wa mtu anayetarajia kuwepo mwaka ujao. Goma imewajaribu watu hao mara nyingi. Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia mjini na kukaa siku kama kumi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena usiku, matetemeko yakafuata, na siku tano baadaye mamlaka ikaamuru mitaa kumi ihamwe. Mamia ya maelfu wakatoka kwa miguu kuelekea Sake na Rwanda. Mtu anayekimbia hawezi kubeba spika. Anaweza kubeba diski. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulichukuliwa na M23 kwa mara ya pili. Kiwanja cha ndege kikafungwa, benki zikafungwa, na biashara ikabaki mikononi mwa simu na dola taslimu. Kipaza sauti kikiharibika, kipya hufika kwa barabara kupitia Rwanda au Uganda, na mteja wa kwaya hulipa kidogo kidogo kadiri waumini wanavyopata.

Tarehe 13 Februari 2025 mwanamuziki Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo kali kuhusu vita, aliuawa kwa risasi mjini Goma akiwa katika kazi ya kurekodi video. Alikuwa ametoka gereza la Munzenze wiki chache kabla, wafungwa walipotoroka wakati mji unaanguka. Tangu siku hiyo kila mwenye studio mjini ana swali jipya mbele yake kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, nalo linahusu maneno ya wimbo, nani atayasikia, na nani yuko chumbani. Siwezi kumlaumu prodyuza anayemwomba msanii abadili mstari. Naumia tu kwamba analazimika.

Na sasa naandika kuhusu jambo ambalo halihitaji vita kwisha ili lianze. Nyimbo za Goma za miaka ya 2000, zile za kompyuta za kwanza na vyumba vya mbao, ziko wapi? Nyingi zilichomwa kwenye CD ambazo zimechubuka, zikanakiliwa kwenye kadi za simu zilizopotea, zikabaki kwenye diski za kompyuta zilizokufa. Faili za awali, zile zenye sauti ya kila mwimbaji peke yake, ambazo mtu angeweza kuzichanganya upya leo kwa vifaa bora, ni chache zaidi. Mwanafunzi wa Butembo anayetaka kusikia Wanande wa 1952 anaweza kuandikia Makhanda. Anayetaka kusikia kwaya za Goma za 2004 aanzie kwa nani?

Kazi inayotakiwa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kila studio ihifadhi nakala mbili za kila mradi, moja mjini na nyingine nje ya mji, Bukavu, Kampala au kwenye hifadhi ya intaneti, kwa sababu lava na bunduki haviulizi. Kila faili liandikwe jina la mtunzi, waimbaji wote, mpiga kinanda, prodyuza, mtaa na tarehe, kabla mteja hajatoka mlangoni. Kwaya zina makatibu, na makatibu wana madaftari. Majina yote yamo humo tayari. Chuo Kikuu cha Goma kikitenga chumba kikavu na kompyuta moja, na Yolé na Foyer zikaleta zilichonacho, orodha ya kwanza inaweza kuandikwa kwa miezi michache. Waliorekodi mwaka 2003 wako katika umri wa miaka arobaini na hamsini sasa. Bado wanakumbuka nani aliimba nini, na diski zipi ziko chini ya kitanda cha nani.